Mwanafunzi wa Kenya katika Miji ya Ujerumani

Wahenga walinena, tembea uone. Hawakunena, tembea uhesabu majumba. Wako wasafiri ambao wakirudi kutoka Ulaya hueleza urefu wa minara na wingi wa magari, na baada ya hapo hawana la kusimulia. Kijana ambaye safari yake inaelezwa hapa aliitazama minara pia, kwa maana macho hayana pazia. Lakini yaliyomshughulisha zaidi ni mambo mawili katika desturi za wenyeji: jinsi wanavyoviacha vitu vyenye thamani bila mlinzi, na jinsi wanavyoyaandika hadharani mabaya waliyoyatenda wazee wao. Alitaka kujua kama mambo hayo mawili yana uhusiano.

Kijana huyo ni mwana wa mkulima wa kahawa wa Murang'a. Anasomea kilimo Witzenhausen, mji mdogo kando ya mto Werra unaosifika kwa matunda ya cheri. Chuo cha mahali hapo kina historia yake. Kilianzishwa mwaka 1898 kuwafundisha vijana wa Kijerumani waliotaka kwenda kulima katika makoloni. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kassel, na miongoni mwa wanafunzi wake wamo wana wa nchi zilizokuwa makoloni. Humo mna nyumba kubwa ya vioo ambamo migomba na mibuni hupandwa na kupashwa joto wakati wa theluji, kama wagonjwa wa homa waliofunikwa blanketi. Kijana alipouona mbuni kwa mara ya kwanza humo ndani alicheka peke yake, akampelekea baba yake picha kwa simu.

Likizo ya mwezi wa Agosti mwaka 2025 ilipofika, alitia nguo chache mkobani akaanza safari ya majuma mawili.

STESHENI ISIYO NA LANGO

Ziko tikiti za mwezi mzima nchini Ujerumani ambazo humruhusu mtu kupanda mabasi ya mjini na magari yote ya moshi yaendayo polepole kutoka mji hadi mji. Zilianza kuuzwa Mei 2023 kwa yuro 49, na wakati wa safari hii bei ilikuwa imefika yuro 58. Magari ya kasi hayamo katika tikiti hiyo. Kwa mwanafunzi hasara hiyo ni faida, kwa kuwa gari la polepole husimama kila kijiji, na watu huingia na vikapu vyao, mbwa wao na baiskeli zao, wakazungumza.

Jambo la kwanza alilolishangaa ni kwamba stesheni haina lango. Hakuna kizuizi wala askari wa kutazama tikiti mlangoni. Abiria hutembea moja kwa moja hadi garini, akakaa. Mkaguzi aweza kuja au asije. Akija akamkuta mtu hana tikiti, faini ni yuro 60, wala hakuna kujadiliana. Lakini zaweza kupita safari kadhaa bila mkaguzi kuonekana, na bado watu hununua tikiti.

Isidhaniwe kuwa kila kitu huenda sawa kama saa. Sifa ya Wajerumani ya kushika wakati imepungua sana kwa upande wa magari ya moshi. Mwaka 2024 kati ya magari 100 ya safari ndefu, kama 62 tu ndiyo yaliyofika kwa wakati, na hata lililochelewa dakika tano lilihesabiwa kuwa limewahi. Mara ya kwanza gari la kijana liliposimama katikati ya mashamba bila sababu kujulikana, bibi mmoja mzee aliyeketi mbele yake alishusha pumzi, akafungua kikapu, akampa squash mbili za shamba lake na kumwambia kwamba enzi za ujana wake jambo hilo lisingetokea. Kijana alipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa nyumbani. Bibi akaitazama ile mikono miwili, akatabasamu, akaongeza squash ya tatu.

Gari lilishuka na bonde la mto Lahn hadi Koblenz, likafuata mto Rhine na kupita Neuwied. Mkulima wa kahawa aliye mwanachama wa ushirika ana sababu ya kulijua jina la mji huo. Katika vijiji vya upande huo, wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1846 na 1847, meya mmoja kijana aitwaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwakusanya wenye uwezo wakatoa fedha, unga ukanunuliwa, mkate ukaokwa na kukopeshwa maskini ili walipe baada ya mavuno. Kutokana na jaribio hilo na mengine yaliyofuata, mwaka 1864 akaanzisha Heddesdorf, ambayo leo ni mtaa wa Neuwied, chama cha kuweka na kukopa cha wakulima. Msingi wake ulikuwa kwamba wanachama ni watu wanaojuana, na kila mmoja anamdhamini mwenzake. Wakulima wa nchi nyingi waliiga mfano huo, na mwaka 2016 shirika la UNESCO likaliingiza wazo la ushirika katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Pembezoni mwa vijiji hivyo kijana aliona jambo lililomkumbusha Raiffeisen. Palikuwa na shamba la maua kando ya barabara, kisu kimefungwa kwa kamba kwenye kigingi, bei zimeandikwa juu ya ubao, na kisanduku cha chuma chenye tundu la kutilia fedha. Mwenye shamba hakuwapo. Mpita njia hukata maua, akahesabu mwenyewe, akalipa, akaenda zake.

KÖLN: KAZI YA MIAKA 632

Mtu atokaye katika stesheni ya Köln hukutana na kanisa kuu uso kwa uso, kama aliyefungua mlango akaukuta mlima. Minara yake ina urefu wa meta 157. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248 na ujenzi ukamalizika mwaka 1880, yaani miaka 632 baadaye. Katikati ya muda huo fedha na hamu viliisha, na kazi ikasimama karibu miaka 300. Mashine ya mbao ya kupandishia mawe iliachwa juu ya mnara usiokwisha, na vizazi kwa vizazi vya watu wa Köln vilizaliwa na kufa vikiiona pale juu.

Kijana alipanda ngazi 533 za mnara, akafika juu magoti yakitetemeka. Alipotazama chini aliona jukwaa la mafundi waashi ubavuni mwa kanisa, nao wanachonga mawe mapya badala ya yaliyoliwa na mvua na moshi. Kazi hiyo haikomi. Wenyeji husema kwa mzaha kwamba siku kanisa likiisha, dunia nayo itakwisha.

Asubuhi ya siku ya pili alitoka mapema kununua mkate. Taa ya waendao kwa miguu ilikuwa nyekundu. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, wala hapakusikika hata pikipiki. Watu watatu walikuwa wamesimama wakingoja. Kijana, ambaye amezoea kuvuka barabara za Nairobi kwa ujasiri na sala, alitia mguu barabarani. Mzee mmoja akakohoa. Kijana alipogeuka, mzee hakusema neno ila alielekeza kidevu kwa mtoto wa miaka mitano aliyeshikwa mkono na mama yake, naye amekodoa macho. Kijana akarudisha mguu. Walingoja wote wanne pamoja na mtoto mpaka taa ikawa kijani, na mzee akasema kwa sauti ya upole, "Ahsante, bwana. Watoto hutazama."

HAMBURG: NJIA YA KAHAWA

Huko Hamburg, mji wa bandari, watu husalimiana kwa neno moja tu, "Moin," asubuhi, mchana na jioni. Mtu aliyezoea kuuliza habari za nyumbani, za watoto na za mifugo huona salamu hiyo ni fupi mno. Lakini kijana aligundua kwamba ikisemwa kwa sauti nzuri yatosha.

Alipita kwa miguu chini ya mto Elbe katika njia iliyochimbwa na kufunguliwa mwaka 1911. Ina urefu wa meta 426, nayo iko kama meta 24 chini. Lifti kubwa huwashusha watu na baiskeli zao, wala mwenda kwa miguu hatozwi senti. Kisha akaenda kutazama maghala ya matofali mekundu yaliyoanza kutumika mwaka 1888, yaliyopangwa kando ya mifereji ya maji kama makabati. Humo zilihifadhiwa bidhaa za dunia nzima: mazulia, chai, viungo, na zaidi ya yote kahawa. Hata sasa Hamburg ni moja ya milango mikubwa ambayo kwayo kahawa huingia Ulaya.

Katika duka moja la kahawa aliona gunia limetundikwa ukutani lenye jina la Kenya. Akasimama mbele yake kitambo. Mwenye duka, mtu wa makamo, akamwuliza kama anaijua kahawa hiyo. Kijana alijibu kwamba ameichuma kwa vidole vyake tangu alipokuwa na umri wa miaka sita. Mwenye duka akaweka kando kazi yake. Alikuwa ameuza kahawa ya Kenya miaka mingi, akasema, lakini hakuwahi kukutana na mtu aliyeichuma. Alimwonyesha kijana hesabu ya pakiti moja: ununuzi, kukaanga, kodi ya pango la duka, na ushuru wa kahawa ambao serikali ya Ujerumani hutoza yuro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa. Kijana naye alichukua karatasi akamwonyesha hesabu ya upande wa pili: kupalilia, mbolea, dawa, vibarua, kiwanda cha ushirika, na miezi ya kungojea malipo. Waliziweka karatasi mbili hizo bega kwa bega juu ya meza, wakazitazama kimya. Mwenye duka hakukubali fedha ya kikombe alichokunywa kijana. Karatasi ya pili aliomba aachiwe.

Mchana ule kijana alikwenda hadi jengo kuu la zamani la chuo kikuu. Lugha ya Kiswahili imefundishwa katika mji huo tangu enzi za Taasisi ya Kikoloni iliyoanzishwa mwaka 1908, kabla ya chuo kikuu chenyewe kuundwa mwaka 1919. Mbele ya jengo hilo ilisimama zamani sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Safari ya sanamu hiyo ni ya ajabu. Ilisimamishwa kwanza Dar es Salaam mwaka 1909, na chini yake palikuwa na umbo la askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipoishinda Ujerumani waliiondoa wakaichukua, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg. Wanafunzi wa chuo waliivuta kwa kamba ikaanguka mwaka 1967, ikarudishwa, mwaka 1968 wakaiangusha tena, na tangu hapo haikusimamishwa mahali pale. Huko Dar es Salaam, pale ilipokuwa, amesimama tangu mwaka 1927 askari wa shaba peke yake, bila bwana juu yake.

Msichana wa Kijerumani aliyekuwa akimweleza habari hizo alizieleza kwa Kiswahili. Ngeli zake zilikaa mahali pake zote. Kijana alipojibu kwa maneno ya vijana wa Nairobi, nusu Kiswahili na nusu Kiingereza, msichana alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Samahani, ndugu, hilo neno la mwisho liko katika ngeli gani?" Kijana hakuwa na jibu.

BERLIN: MAMBO YALIYOANDIKWA CHINI

Njia kuu ya reli kati ya Hamburg na Berlin ilikuwa imefungwa tangu Agosti 1 ili ijengwe upya, kwa hiyo alizunguka kwa njia ndefu. Katika gari moja waliingia askari polisi wawili. Walipita mbele ya abiria wote wa behewa lile bila kusema neno, wakasimama mbele ya kijana, wakataka hati zake. Akawapa. Hati zilikuwa sawa, wakamrudishia, wakashukuru. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisoma kitabu aliwauliza kwa nini wamemchagua huyo peke yake kati ya watu wote. Askari hawakujibu. Mwanamke akatoa hati yake akawanyoshea, akasema na ya kwake itazamwe, na kijana mwingine nyuma yake akafanya vivyo hivyo. Askari waliondoka. Kijana aliandika usiku ule kwamba hakuweza kusema ni jambo lipi lililobaki zaidi moyoni mwake, lile la askari au lile la mwanamke.

Mgeni aendaye Berlin huenda kuutazama ukuta. Ulianza kujengwa Agosti 13, 1961, ukaizunguka sehemu ya magharibi ya mji kwa urefu wa kilometa 155, ukafunguliwa Novemba 9, 1989. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwa sababu yake. Sehemu chache zimehifadhiwa, kama zile za mtaa wa Bernauer Straße. Pengine pote katikati ya mji umebaki mstari wa mawe mawili mawili yaliyopangwa barabarani, na magari hupita juu yake mchana kutwa.

Mji wa Berlin unasomwa kwa kutazama chini. Njiani, mbele ya nyumba za kawaida, yamo mawe madogo ya upana wa sentimeta 10, yaliyovikwa bamba la shaba linalong'aa. Huitwa mawe ya kujikwaa. Msanii Gunter Demnig aliyabuni katika miaka ya 1990, na mwaka 2023 jiwe la 100,000 liliwekwa. Kila jiwe lina jina la mtu mmoja aliyeteswa au kuuawa na serikali ya Wanazi, nalo huwekwa mbele ya nyumba ambamo mtu huyo aliishi. Wengi wao walikuwa Wayahudi.

Kijana alishuka na mtaa wa Brunnenstraße hadi nyumba nambari 193, kwa sababu alikuwa ameambiwa kuwa mbele yake lipo jiwe la mtu aliyezungumza Kiswahili. Mtu huyo ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye mwenyewe alitumika katika jeshi hilo akiwa mtoto wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akaigiza katika filamu, akawafundisha Wajerumani Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa, kosa lake likiwa uhusiano na mwanamke mzungu, na Novemba 24, 1944, alikufa katika kambi ya Sachsenhausen. Jiwe lake liliwekwa mwaka 2007. Kijana aliinama akalipangusa kwa leso. Mtu mmoja aliyepita na mkoba wa kazini alisimama, akavua kofia, akaendelea na safari yake.

Siku ya pili kijana alikwenda stesheni ya Grunewald, kwenye njia ya reli nambari 17. Hapo hapasimami gari tena. Kando ya reli zimelazwa mabamba 186 ya chuma, na kila bamba limeandikwa tarehe, idadi ya Wayahudi waliopakiwa siku hiyo, na mahali walikopelekwa. Kutoka Berlin walipelekwa watu zaidi ya 50,000, kati ya mwaka 1941 na 1945. Kijana alitembea kutoka bamba hadi bamba, akapata jambo la kumfikirisha. Hesabu zile zimejulikana kwa sababu wakati ule makarani waliziandika. Orodha zilikuwa safi. Kila mtu wa ofisi alitimiza wajibu wake kwa wakati. Utii wa taa nyekundu aliousifu Köln ulikuwapo hata wakati huo, tena ulikuwa mwingi, wala haukumwokoa mtu hata mmoja.

DENI LA AFRIKA

Liko deni jingine ambalo kuandikwa kwake kumechelewa. Katika mtaa wa Wilhelmstraße, kuanzia Novemba 15, 1884, hadi Februari 26, 1885, wajumbe wa nchi 14 walikaa kuamua kanuni za kugawana Afrika, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Nyumba yenyewe haipo tena. Pana bango la maelezo, na watu wengi hupita bila kulisoma.

Katika jumba la makumbusho ya viumbe umesimama mfupa juu ya mfupa mjusi mkubwa wa Tendaguru, mwenye kimo cha meta 13.27. Alichimbwa karibu na Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, pamoja na mifupa mingine ya zaidi ya tani 200. Mizigo hiyo yote ilibebwa na wapagazi hadi pwani. Kwa miaka mingi majina yaliyosifiwa ni ya wataalamu wa Kijerumani. Siku hizi hutajwa pia Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, na mwaka 2007 aina moja ya mjusi wa kale ilipewa jina kutokana na lake. Watoto wa shule walimzunguka mjusi wakipiga kelele za furaha. Mmoja alimwuliza kijana kama anatoka huko alikotoka mjusi. Kijana alijibu kuwa anatoka nchi jirani. Mtoto akauliza, "Basi watu wa huko wakitaka kumwona, huja hapa?" Mwalimu alimvuta mtoto mkono, lakini kijana alimwona mwalimu mwenyewe akigeuka tena kumtazama mjusi.

Hata hivyo liko lililoanza. Upande wa kaskazini wa mji iko barabara iliyopewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, ambaye ukatili wake katika Tanganyika ulijulikana hata kwa Wajerumani wenzake. Mwaka 1986 mji ulitangaza kuwa jina hilo sasa ni la Peters mwingine, na kibao kikabaki kilekile. Mwaka 2024 jina likaondolewa kabisa, na sehemu moja ya barabara ikaitwa Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907, ambavyo makadirio mengine husema viliua watu hadi 300,000 kwa risasi na kwa njaa. Mwezi wa Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha mbele ya jamaa za walionyongwa. Msamaha si malipo, na mafuvu ya wafu yaliyochukuliwa enzi hizo bado yanatafutwa na wenyewe. Lakini mdaiwa aliyekiri deni na aliyelikana si sawa.

MAWE MEUSI YA DRESDEN

Mji wa mwisho ulikuwa Dresden. Mwezi wa Februari 1945 ndege za Waingereza na Wamarekani ziliuchoma moto, na watu hadi 25,000 wakafa. Kanisa la Frauenkirche lenye kuba la mawe lilisimama siku mbili baada ya mabomu ya kwanza, kisha likaporomoka. Kifusi chake kilikaa katikati ya mji zaidi ya miaka 40. Ujenzi ulianza mwaka 1994 ukamalizika 2005, na maelfu ya mawe ya zamani yalirudishwa katika kuta. Mawe hayo yamekuwa meusi kwa umri, na mapya ni meupe, kwa hiyo hata mtoto aweza kuhesabu lililo la kale na lililo jipya. Msalaba wa dhahabu ulioko juu ya kuba ulitengenezwa na fundi wa London, ambaye baba yake alikuwa rubani wa moja ya ndege zilizotupa mabomu.

Kwenye ngazi za mbele kijana alikaa na mzee aliyezaliwa katika mji huo kabla ya vita. Kijana alimwuliza kama anawachukia waliofanya hivyo. Mzee alijibu kwamba alipokuwa mtoto aliwachukia, mpaka alipokua akajifunza ni nani aliyeanza. Kisha akanyanyua chupa tupu ya maji iliyoachwa kando yao, akaiweka pembeni ya pipa la taka, si ndani yake. Duka humrudishia mtu senti 25 kwa chupa ya namna hiyo, akaeleza, na wako wazee wanaozikusanya ili waongeze chakula. Haifai mtu kuchakura takataka kwa ajili ya senti 25. Nchi ile tajiri inao maskini wake, na wapo wanaowakumbuka.

Aliporudi Witzenhausen, baba yake alimwuliza kwa simu, "Mwanangu, nieleze kweli. Watu hao ni wema kuliko sisi?" Kijana alijibu kwamba, la, Baba, si wema kuliko watu wengine. Wanao wezi, wanazo jela, na wako wanaomchukia mgeni. Tena wao ndio walioonyesha kwamba watu watiifu na wenye bidii waweza kutenda uovu mkubwa kuliko wavivu, ikiwa hakuna anayeuliza orodha hizo ni za nini. Kinachofaa kuigwa kutoka kwao ni desturi waliyoipata baadaye na kwa gharama kubwa, ya kuiweka hesabu mahali ambapo kila mtu aweza kuisoma, hata inapomwaibisha aliyeiandika.

Mzee wa Murang'a alinyamaza kidogo. Yeye ni mjumbe wa kamati ya kiwanda chao cha kahawa, na kwa muda mrefu wanachama walikuwa wakilalamika kwamba hawaoni hesabu. Akamwambia mwanawe kwamba mkutano wa kamati ni Jumamosi. Siku hiyo alikwenda na nyundo na misumari minne, na mizani ya mwaka mzima, pamoja na madeni yote, ikapigiliwa ukutani kando ya mlango wa kupimia, mahali ambapo kila aletaye debe la kahawa hulazimika kupita.